Aliyesema Asilimia Alijuaje?

Katika mazishi ya mjomba Wanjala, mtu wa tatu kushika kipaza sauti alisema kwamba marehemu alifanya kazi katika kiwanda kikubwa cha nguo huko Nairobi "mpaka alipostaafu kwa heshima". Nikahisi damu inanipanda kichwani. Mtu wa nne akarudia maneno hayo hayo, na wa tano akaongeza kwamba siku alipoondoka kiwanda kizima kilimlilia. Kiwanda kipi tena? Mjomba hakustaafu. Siku aliyoondoka, kiwandani hakukuwa na mtu wa kumlilia, maana waliokuwa wamebaki wote waliondoka naye, kwa geti lile lile, asubuhi ile ile. Nilianza kuinuka kwenye kiti cha plastiki, sijui nikaseme nini mbele ya kijiji kizima, na mkono wa anti Rispa, mjane wake, ukanishika kiunoni ukanirudisha chini. "Tulia, Nafula," akanong'ona. Nikamwambia, "Anti, wanadanganya." Akasema, "Hawadanganyi. Wanasema kipande." Kisha akaanza kucheka ndani ya leso, mabega yakimtikisika, na wanawake waliokuwa nyuma yetu wakaja kumshika kwa huruma wakidhani amezidiwa na kilio. Huyo ndiye anti Rispa. Miaka yote niliyomjua amenichosha, na tangu siku ile ya mazishi sijaacha kuufikiria mwaka nilioishi kwake katika mtaa wa Huruma, Nairobi, katikati ya miaka ya tisini, mwaka ambao alinichosha kuliko yote.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata alama nzuri, kisha nikaambiwa nisubiri. Vyuo vikuu vilijaa, waliotutangulia walikuwa bado hawajaingia, na sisi wa nyuma tukaambiwa twende nyumbani tukangoje zamu yetu. Ukiwa na miaka kumi na tisa na unaamini wewe ni hodari wa hesabu kuliko kijiji chako chote, kungoja ni adhabu. Mjomba akasema nije Nairobi, pengine nitapata kibarua. Kibarua sikupata. Nilichopata ni godoro jembamba katika nyumba ya chumba kimoja kwenye ghorofa ya tatu, chumba kilichogawanywa kwa pazia la kitambaa cha kijani ambacho mjomba alikifuma mwenyewe. Upande mmoja wa pazia kulikuwa na kitanda chao. Upande wa pili kulikuwa na makochi mawili, meza, jiko la mafuta ya taa na sisi wengine: mimi, binti yao Nekesa aliyekuwa darasa la sita, na wadogo zake wawili ambao mwaka mzima sikuwahi kuwaona wakiwa wamekaa kimya. Dirisha lilitazama mabati ya vibanda vya Mathare. Maji yalitoka kwenye bomba la chini uwanjani, yakitoka, na kila tone lililotumika nyumbani mle lilipandishwa ngazi na mimi au na anti. Hadi leo nikisikia mtu akifungua bomba na kuliacha litiririke, mkono wangu wa kulia unauma.

Anti alikuwa mfagizi katika hospitali moja ya misheni. Aliingia kazini alfajiri na kurudi saa tisa mchana, akinuka sabuni ya sakafu, akavua viatu mlangoni na kuanza kupika kabla ya kuketi. Jioni moja ya Januari, tukichambua majani ya sukuma, aliniambia bila kuinua kichwa, "Nafula, nataka kufanya mtihani wa darasa la nane." Nikadhani anatania. Aliacha shule darasa la saba, kwa sababu zake mwenyewe, na sasa alikuwa na miaka thelathini na minne. Lakini matroni, mkuu wa wauguzi pale, alikuwa amemwambia kwamba hospitali itaanza kuwafunza wasaidizi wa wauguzi, na kwamba yeye, anavyowashika wagonjwa, angemchukua kesho, ila sheria inataka cheti cha darasa la nane chenye alama za kutosha. "Amesema ataningoja mwaka mmoja," anti akasema. "Mmoja tu. Wewe umesoma, na hapa umekaa tu." Hilo la "umekaa tu" nililisikia vizuri, nikiwa nimetoka kupandisha mitungi minne. Mjomba aliporudi na kuambiwa, alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena. "Mtihani na watoto?" akauliza. "Na watoto," anti akajibu. Mjomba akaketi akala. Ndivyo mambo yalivyoamuliwa katika nyumba ile.

Tulisoma kila alasiri kwenye ile meza, vitabu vya Nekesa vikiwa katikati ya vitunguu. Sitasema anti alikuwa mzito wa kichwa, maana hakuwa. Kiswahili hakuhitaji mwalimu. Jiografia aliimeza. Sehemu, desimali, eneo la duara, yote yalipita. Hata asilimia, mwanzoni, ilikwenda vizuri: ukimwambia darasa lina wanafunzi hamsini na asilimia thelathini ni wasichana, alizidisha, akagawa, akakuletea wasichana kumi na watano bila kelele. Mwezi wa Mei tukafika mahali swali linapogeuzwa, na hapo tukakwama kama gari kwenye matope ya Mathare. Nakumbuka swali lenyewe kwa sababu nimelichukia tangu wakati huo. Wasichana kumi na wanane ni asilimia arobaini ya darasa. Darasa lina wanafunzi wangapi? Anti alilamba ncha ya penseli, akazidisha arobaini kwa kumi na nane, akagawa kwa mia, akaandika saba nukta mbili, akalipigia jibu mstari mara mbili kama alivyofundishwa zamani.

"Anti," nikasema, "darasa lina wanafunzi saba?"

"Saba nukta mbili."

"Na ndani ya hao saba kuna wasichana kumi na wanane?"

Akalitazama. "Niliona ni ajabu," akasema. "Lakini hizi hesabu zenu zote ni za ajabu. Juzi ulinipa mtu aliyenunua matikiti sitini. Ya nini?"

Nimefundisha hesabu sekondari maisha yangu yote ya kazi, na kila mwaka, bila kukosa, nimesahihisha kosa hilo hilo. Mtoto akiona alama ya asilimia, mkono wake unazidisha wenyewe, kama mtu anayegeuka akisikia jina lake likiitwa sokoni. Haulizi kama anatafuta kipande au anatafuta kitu kizima. Nimelisemea kosa hilo kwa upole, nimelisemea kwa ukali, nimeliandika ubaoni na kulifuta. Lakini kati ya wanafunzi wangu wote hao, hakuna aliyewahi kunikasirisha kama anti Rispa, kwa sababu wao walikosea wakanyamaza, na yeye alikosea akauliza. Nilimweleza: kama kumi na wanane ni asilimia arobaini, gawa kumi na wanane kwa arobaini upate asilimia moja, kisha zidisha kwa mia upate wote. Wanafunzi arobaini na watano. Alifuata kila hatua kwa kidole. Kisha akaweka penseli chini.

"Huyu aliyesema wasichana ni asilimia arobaini," akauliza, "alijuaje?"

"Alijuaje nini?"

"Kwamba ni arobaini. Ili ujue ni arobaini katika mia, si lazima kwanza uwahesabu wote? Basi kama aliwahesabu wote, ananiuliza nini? Si aseme tu ni arobaini na watano, twende zetu?"

Nilikuwa na alama ya juu kabisa ya hesabu katika shule yangu, na swali hilo halikuwa limewahi kunijia. Nikamwambia ndivyo mtihani ulivyo. Akasema mtihani haumkatazi mtu kuwa na akili. Nikamwambia ajibu kwanza, ataelewa baadaye. Akasema hawezi kufungua mlango wa nyumba asiyojua ni ya nani. Nekesa, aliyekuwa anasuka nywele za mdoli kwenye kochi, akaingilia bila kualikwa, akimwambia mama yake kwa Sheng: "Mathe, hiyo si ngumu. Ticha alitushow, unageuza tu!" Anti akamtuma chini akaangalie kama maji yametoka. Mimi nikainuka nikaenda dirishani nikatazama mabati, nikahesabu pumzi zangu, na nyuma yangu nikasikia mafuta yakichirizika kwenye sufuria. Alikuwa ameanza kukaanga vitunguu. Somo limekwisha, yeye ndiye aliyelifunga.

Ikawa hivyo Mei yote na Juni yote. Nilimpa maembe, nikampa mayai, nikampa magunia ya mahindi na waumini wa kanisa. Siku nyingine alipata, siku nyingine alizidisha, na kila siku aliuliza aliyesema asilimia alijuaje. Mama Mutua, jirani yetu Mkamba wa mlango wa pili, aliyekuja kila jioni kuomba chumvi na kuondoka na habari, alimuunga mkono. "Ni kweli lakini," akasema akiwa amesimama mlangoni, chumvi mkononi. "Huyo mtu anaficha nini?" Sasa nilikuwa na wanawake wawili wa kubishana nao. Alasiri moja nikapiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka, nikasema kwa sauti ambayo haikuwa ya mtoto kwa mkubwa wake, "Anti, andika tu!" Hakukasirika. Alinitazama kwa muda kama anavyomtazama mgonjwa anayekataa dawa. "Mimi sifanyi mtihani ili nipite tu, Nafula," akasema. "Pale hospitali wataniambia mgonjwa amekunywa asilimia fulani ya dawa. Nikiandika tu, atakufa tu." Usiku ule tulikula ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, nami nikaosha vyombo vyote bila kuombwa.

Mjomba hakuyaingilia masomo yetu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye vidole vilivyojaa alama ndogo ndogo za nyuzi, na alipoingia ndani alitoa salamu kwa kila mtu kwa jina, hadi mtoto wa mwisho. Alikuwa idara ya ufumaji kule kiwandani. Lakini mwaka ule alianza kurudi mapema, wakati mwingine saa kumi, jua likiwa bado juu. Anti alipouliza, alisema mashine zinafanyiwa matengenezo. Baadaye alisema wazee wachache wamestaafu na zamu zinapangwa upya. Alisema hivyo huku akipuliza chai, akamuuliza Nekesa habari za shule, na mazungumzo yakaenda kwingine. Sote tulijua nguo za mitumba za bei nafuu zimejaa kila kona, sote tulikuwa tumezivaa, mimi mwenyewe nilikuwa na sketi iliyotoka huko ng'ambo kwa wenyewe. Hakuna kati yetu aliyeunganisha sketi hiyo na kiwanda cha mjomba. Nikikumbuka sasa naona ishara zilikuwa mezani mchana kweupe, katikati ya vitunguu na vitabu, na mimi niliyejifanya mwalimu wa kutafuta kisichojulikana sikutafuta chochote.

Jumapili moja ya Agosti, baada ya kanisa, Bwana Kilonzo alikuja kumtembelea mjomba. Alikuwa dereva wa lori la kiwanda, Mkamba mwenye sauti nzito ambayo hata akinong'ona husikika hadi ghorofa ya pili. Wao wakaketi upande wa makochi. Sisi, kwa sababu mgeni hapaswi kuona vurugu za jikoni, tulikuwa tumesogeza jiko na meza nyuma ya pazia, upande wa kitanda, anti akisukuma chapati na mimi nikizigeuza. Kitabu cha hesabu kilikuwa kimelala kitandani, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi hakuna aliyekigusa. Nilishukuru. Tulisikia vikombe, tukasikia mambo ya mvua na ya Machakos, kisha sauti ya Bwana Kilonzo ikashuka, maana yake tukaisikia vizuri zaidi.

"Meneja aliposema idara yenu itabaki na asilimia kumi na mbili," akasema, "mimi nilidhani ni vitisho."

"Si vitisho," mjomba akajibu. "Juzi tumehesabiwa. Tuko ishirini na wanne."

"Na mama watoto ameshajua?"

"Bado."

Niliendelea kugeuza chapati. Maneno yale yalinipita kama yanavyopita maneno ya wakubwa wakiongea mambo ya kazi, na nakiri ni chapati niliyokuwa nikiifikiria, kwa kuwa ilikuwa inaungua pembeni. Nikaona mikono ya anti imesimama. Mbele yake kulikuwa na unga ulionyunyizwa mezani ili donge lisishike. Akatia kidole kwenye ule unga, akaandika ishirini na nne. Chini yake akaandika kumi na mbili. Akangoja kidogo, midomo ikicheza. Akaandika mbili. Kisha akaandika mia mbili, pole pole, sifuri moja baada ya nyingine. Akaitazama hiyo mia mbili. Akaandika tena, pembeni, mia moja sabini na sita. Nilikuwa nimeshaelewa kufikia hapo, na nilipomtazama usoni sikuona furaha ya mtu aliyepata jibu. Alichukua donge, akaliweka juu ya hesabu yake yote, akalisukuma likawa chapati ya duara safi, akanipa nikaange.

Akamhudumia mgeni. Akamuuliza Bwana Kilonzo hali ya mkewe, akacheka pale ilipofaa kucheka, akamfungia chapati mbili kwenye gazeti awapelekee watoto. Akamsindikiza hadi ngazini. Alipoingia alifunga mlango, jambo ambalo hatukuwa tukilifanya mchana kwa sababu ya joto, akawatuma watoto kwa Mama Mutua, akaketi kwenye kochi alilotoka mgeni, uso kwa uso na mumewe.

"Baba Nekesa," akasema, "watu mia moja sabini na sita wamekwenda wapi?"

Mjomba alishusha kikombe. Akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama karibu na pazia na sufuria mkononi, kana kwamba ni mimi niliyemsaliti. "Nani amekuambia?"

"Wewe."

"Mimi sijasema idadi hiyo."

"Umesema ishirini na wanne. Kilonzo amesema asilimia kumi na mbili. Idara ilikuwa na watu mia mbili. Kwangu ulisema wazee wachache wamestaafu." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia hofu. "Wazee mia moja sabini na sita, Baba Nekesa. Hao ni wachache?"

Mjomba alikaa akivitazama vidole vyake. Nje mtu alikuwa anapiga kelele kwamba maji yametoka, ndoo zikaanza kugongana ngazini, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale hakuna mtu wa nyumba yetu aliyekimbia. "Na hao ishirini na wanne," akasema mwishowe, "ni mpaka mwisho wa Septemba. Baada ya hapo wanafunga."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na mtihani."

Anti alivuta pumzi, na nikadhani sasa atalia au atapiga kelele. "Mtihani ni wangu," akasema. "Kazi ni yetu." Kisha akainuka, akapiga magoti mbele yake, akaichukua mikono ile yenye alama za nyuzi akaiweka mapajani mwa mjomba mwenyewe, moja juu ya nyingine, kama mtu anayepanga nguo zilizokunjwa. Mimi nikachukua mitungi nikashuka kupanga foleni, kwa sababu kuna mambo ambayo mtoto wa dada hapaswi kuyaona, na pia kwa sababu nilikuwa nimekasirika kiasi cha kutaka kubeba kitu kizito. Nilimkasirikia mjomba kwa kuficha. Nilimkasirikia meneja ambaye sikumjua. Na, nisidanganye, nilimkasirikia anti pia: miezi mitatu ya maembe na mayai na magunia, halafu anaipata hesabu yote kwa dakika moja, kwenye unga, bila hata kunitazama.

Nilimwambia hivyo siku iliyofuata. Alikuwa ameketi mezani kabla yangu, penseli tayari. "Sasa nimejua," akasema. "Nilikuuliza mara ngapi aliyesema asilimia alijuaje? Alijua kwa sababu yeye aliwahesabu wote. Meneja aliwahesabu wote. Ila hakuona haja ya kutuambia. Mimi ndiye ninayepewa kipande, halafu naachwa nitafute nyumba yote mwenyewe." Akanisogezea kitabu. "Leta mengine." Nikampa kumi. Akapata kumi. Nikachanganya, mengine ya kutafuta kipande, mengine ya kutafuta kizima, na kila mara kabla ya kuandika aliuliza kwa sauti ya chini, "Hapa nimefichwa nini?" Nimewafundisha watoto wengi kuuliza swali hilo. Huwa siwaambii nimelitoa wapi, maana wataniuliza habari nzima, na kipindi ni dakika arobaini tu.

Oktoba mjomba alikuwa nyumbani. Mtu ambaye hajawahi kuwa nyumbani mchana hajui akae wapi. Kila alipoketi palikuwa mahali pa mtu mwingine au pa kitu kingine. Asubuhi alizunguka viwanda vya Industrial Area akiuliza kazi, na mchana alikaa mwisho wa meza yetu akaamua kutusaidia. Mungu, msaada ule! Alitunga maswali yake mwenyewe, kwa uzito mkubwa, mikono nyuma kama mkaguzi. "Mbuzi thelathini ni asilimia arobaini na tano ya mbuzi wote wa mzee mmoja. Mzee ana mbuzi wangapi?" Anti akagawa, akazidisha, akasita. "Sitini na sita na theluthi mbili," akasema. "Baba Nekesa, huyo mmoja mmeshaanza kumla?" Mjomba akasema labda amekosea kidogo mahali. Nikamwomba kwa adabu zote atuache. Kesho yake akaja na kuku.

Siku ya kwanza ya mtihani tulimsindikiza sote hadi lango la shule ya msingi alikosajiliwa. Alivaa gauni la buluu alilopigiwa pasi na mjomba, lenye mikunjo miwili mahali ambapo ulitakiwa uwe mmoja. Uwanja ulikuwa umejaa watoto wenye soksi ndefu. Msimamizi, kijana mwenye tai fupi, alimzuia langoni. "Mama, wazazi wanangoja nje."

"Mimi si mzazi," anti akasema. Akafikiri. "Ni mzazi. Lakini leo ni mtahiniwa."

Kijana akatazama karatasi zake, akamtazama anti, akatazama karatasi tena, na watoto waliokuwa karibu wakaanza kucheka. Ndipo Nekesa, mtoto niliyedhani angekufa kwa aibu, akapaza sauti kutoka nyuma yetu, "Mathe, wahi dawati la mbele!" Kicheko kikageuka kuwa kelele nyingine, kelele ya kumshangilia, na kijana akafungua lango. Alitoka jioni akiwa na wino kwenye shavu. Nilimrukia hata kabla hajavuka barabara: lile swali lilikuja? Lilikuja, akasema. Alilipata? Alilipata. Jibu lilikuwa ngapi? "Sikumbuki," akasema. Nikamwomba, nikambembeleza, mwaka mzima wa maisha yangu umo ndani ya jibu hilo. "Nafula," akasema, "miguu inaniuma. Nimeliandika, nimeliacha huko huko."

Matokeo yalipotoka, mjomba ndiye aliyekwenda kuyachukua, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na nafasi. Sisi tulikuwa chini bombani, anti akifua, mimi nikisuuza, Mama Mutua na wanawake wengine wakizunguka na ndoo zao. Mjomba akaja akiwa ameikunja karatasi ndani ya kiganja. "Umefaulu hesabu," akasema. "Umefaulu vizuri." Wanawake wakapiga vigelegele. Anti hakuinuka. "Na mengine?" akauliza. Mjomba akasema mengine nayo yapo, Kiswahili hasa, Kiswahili ni kizuri sana. Anti akaikamua shuka aliyoishika, akaiweka ndani ya beseni, akafuta mikono kwenye leso.

"Soma yote, Baba Nekesa."

Akasoma yote. Alisimama katikati ya ndoo, akainua karatasi karibu na macho, akasoma somo baada ya somo kwa sauti iliyofika dirisha la juu, na alipofika Kiingereza akasimama, kwa sababu Kiingereza kilikuwa kibaya, kibaya kabisa, kisha akakisoma hicho nacho. Akasoma jumla. Mama Mutua hakuweza kuvumilia: "Sasa imetosha ama haijatosha?" Anti alikuwa ameshapiga hesabu yake kichwani, maana alama aliyoitaka matroni alikuwa akilala nayo na kuamka nayo tangu Januari. "Imetosha," akasema. "Imetosha kwa kubana." Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, miguu ndani ya maji ya sabuni, akawaacha wanawake wamkumbatie wakiwa wamelowa.

Alianza mafunzo mwanzo wa mwaka uliofuata, na mjomba, ambaye kazi haikuwa imepatikana, akabaki na jiko. Nilikaa nao miezi michache zaidi kabla ya chuo kuniita, kwa hiyo niliula ugali wake tangu wa kwanza. Ulikuwa na madonge. Sote tuliumeza kwa maji na kunyamaza, hata Nekesa. Jioni ya kwanza anti kurudi akiwa na sare mpya alinawa, akaketi, akamega, akatafuna kwa muda mrefu. Mjomba alikuwa amesimama karibu na jiko, mwiko mkononi. "Ukoje?" akauliza.

"Mzuri," anti akasema.

"Sema yote, Mama Nekesa."

Anti akameza. "Pembeni umeiva," akasema. "Katikati ni unga." Na mjomba, ambaye tangu Septemba hatukuwa tumemsikia akicheka, akacheka hadi akakaa chini, mwiko na yote, akavuta sahani ya mkewe kwake na kuanza kula ile ya katikati.